Kofia ya Gurudumu la Kushoto

Gurudumu lilimfikia Macharia kabla hajasikia chochote. Ilikuwa Alhamisi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, kando ya Waiyaki Way, hatua chache baada ya njia ya Loresho kuingia barabara kuu. Macharia, muuza miche, alikuwa ameinama akiinywesha maji miparachichi yake kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu. Gurudumu liliruka ukingo wa barabara, likampiga mgongoni, likaenda kulala katikati ya miche. Alikata roho kabla ya ambulensi kufika Kangemi.

Sajini Musili alifika saa tano na robo. Alikuwa amefanya kazi kitengo cha ajali kwa miaka kumi na tisa, na miaka hiyo yote ilikuwa imemkalia magotini. Kazi hiyo ukiifanya muda mrefu unajifunza mambo mawili: usiangalie viatu vya marehemu, na usimwamini anayekuambia kosa ni la nani kabla hujauliza.

Gari lilikuwa limeinamia mtaroni, Corolla DX ya zamani, rangi ya maziwa, imetunzwa kama bibi harusi juu na kuachwa ioze chini. Gurudumu la mbele upande wa kushoto halikuwapo. Musili alipiga goti kwa shida akachungulia. Mahali pa gurudumu palikuwa na stadi nne, zile ncha za chuma ambazo gurudumu huvikwa kisha likabanwa kwa nati. Mbili zilikuwa zimekatika. Mbili zilikuwa nzima, meno yake safi, na ndani ya meno kulikuwa na kitu cheupe kilichokauka.

Aliinuka akaenda kwenye miche. Gurudumu lilikuwa limelala chali, na kofia yake ya bati bado imekaa juu yake, inang'aa.

"Ni fundi," alisema mwenye gari, aliyekaa kwenye nyasi akiushika mkono wake wa kushoto. Alikuwa Mzee Kimanzi, miaka sabini na minane, mtumishi wa serikali mstaafu, tai shingoni hata asubuhi ya Alhamisi. "Zadock wa Ngara. Jumanne alishika hilo gurudumu. Amesahau kurudisha nati. Ameua mtu."

"Wewe uliliangalia gurudumu kabla ya kutoka?"

"Kila siku nazunguka gari langu. Nimeendesha miaka hamsini na mbili." Mzee alimtazama kwa kukunja macho. "Wewe ni Musili wa wapi?"

"Mwala."

"Mimi wa Masii. Basi tuko nyumbani. Utanisaidia."

Musili aliandika saa kwenye kijitabu chake. Wote huanza hivyo, alijiambia. Kwanza kosa ni la mwingine, halafu wanakuuliza kwenu ni wapi.

Kufikia saa nane mchana Zadock Okinyi alikuwa ameletwa kutoka Ngara akiwa bado amevaa ovaroli. Mkuu wa kituo alishafanya hesabu yake. "Fundi kaacha nati mbili. Jumatatu asubuhi apelekwe kortini kwa kusababisha kifo. Musili, usiirefushe."

"Ndiyo, mkuu," alisema Musili. Angeweza kweli kutoirefusha. Alikuwa amechoka vya kutosha.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, alimtoa Zadock seli akamkalisha mbele ya meza. Nje, kwenye benchi la ukumbini, mke wa fundi, Everlyn, alikuwa ameketi na chupa ya chai tangu alfajiri.

"Anza Jumanne," Musili alimwambia.

"Walikuja saa tatu, mzee na mama, mkewe. Anataka brek pedi za mbele. Upande wa kulia, hakuna shida. Upande wa kushoto, nati mbili zikatoka, mbili zikakataa. Kutu imeshika kabisa, afande. Nikaweka dizeli, nikangoja kama saa moja, nikarudi na spana nikaongeza bomba. Stadi ikaanza kulia. Nikaacha. Ukilazimisha unaikata, sasa mzee wa watu aende nyumbani na nini?"

"Zile mbili zilizotoka?"

"Nikapaka sabuni ya kipande kwa meno, nikarudisha, nikakaza. Sabuni ni ndio Ijumaa zitoke bila vita. Gari ilitoka kwangu na nati nne. Nikamwambia mzee, pole pole, usiende mbali, rudi Ijumaa. Nitakuwa nimepata stadi mpya, tupashe hizi moto tuzitoe."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya mama. Alikuwa amekaa ndani, mlango wazi."

"Mzee anasema ulisahau."

"Mzee haoni, afande." Zadock alikatiza maneno yake hapo, kama aliyesema zaidi ya alivyotaka.

Musili aligeuza ukurasa wa kijitabu. "Na kofia?"

"Kofia gani?"

"Ya hilo gurudumu."

"Iko kwa buti, huko nyuma ya gari. Niliiweka mwenyewe."

"Ilikuwa kwenye gurudumu. Nimeiona."

Kwa mara ya kwanza fundi aliinua kichwa. "Haiwezekani. Mimi gari yenye kazi haijaisha siivalishi kofia. Hata ukiniuliza Ngara yote watakuambia. Mzee aliyenifunza alikuwa anatupiga kwa hiyo. Kofia ikikosa, kila mtu anajua hapo pana kazi. Ukiivalisha, umesema imeisha."

"Kuna kitu hujaniambia, Zadock."

"Ile yangu nimemaliza."

"Na ya wengine?"

"Ya wengine ni ya wengine."

Musili alimrudisha ndani. Njiani alipita mbele ya Everlyn, ambaye alisimama, kisha akaketi alipoona hatasemeshwa. Musili aliona aibu, na aibu ikamchosha zaidi.

Katika ua wa kituo, ambako gari lilikuwa limevutwa, alilala chini ya Corolla juu ya kipande cha katoni. Stadi mbili nzima alizikwangua kwa ukucha: sabuni. Meno yake yalikuwa hayajaguswa. Nati ingelegea yenyewe barabarani, gurudumu lingecheza na kuyatafuna meno yote. Hizi zilikuwa zimefunguliwa kwa spana, gari limesimama. Stadi mbili zilizokatika zilikuwa na mpasuko wa zamani, mwekundu kwa kutu, na ukingo mwembamba mpya uliong'aa. Hizo ndizo zilizobeba gurudumu peke yake mpaka zikashindwa.

Akaweka pua karibu. Dizeli, kama alivyosema fundi. Na juu ya dizeli, harufu nyingine iliyomfanya anuse mara mbili. Vitunguu vilivyokaangwa.

Alirudi seli akauliza kupitia dirishani, "Wewe hulegeza kutu kwa mafuta ya kupikia?"

"Afande," alisema Zadock, karibu acheke, "hiyo ni ya chipsi."

Saa nane mchana Musili alikwenda Ngara mwenyewe. Nyuma ya maduka ya jumla, kwenye uwanja wa vumbi wenye weusi wa oili, magari matatu ya Zadock yalikuwa bado yanamsubiri. Kila moja lilikosa kofia kwenye gurudumu moja, na kofia zenyewe zilikuwa ndani ya buti. Fundi wa jirani alimtazama akizifungua. "Huyo hata umwekee bunduki kichwani, hawezi valisha," alisema. "Tunamcheka kila siku."

Kwa hiyo kulikuwa na mtu aliyefungua nati mbili baada ya Jumanne, akatoa kofia kwenye buti, akaivalisha ili pengo lisionekane. Alitaka kufunika kazi yake, na kofia ndiyo ikamsema.

Jioni hiyo Musili alikumbuka simu ya Mzee Kimanzi, iliyookotwa chini ya kiti cha dereva na kufungwa kwenye mfuko. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, isiyo na neno la siri. Alhamisi kulikuwa na simu saba zilizokosa kupokelewa, zote kutoka kwa mtu mmoja, Mukai. Ya kwanza saa nne na dakika thelathini na moja. Ya saba saa nne na dakika thelathini na tisa. Dakika moja kabla ya Macharia kupigwa.

Jumamosi, saa tisa alasiri, Musili alishuka Loresho. Getini kwa Mzee Kimanzi alikutana na Waweru, mtunza bustani, aliyekuwa akipalilia kwa nguvu za mtu mwenye hasira. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, gurudumu la nyuma limekunjika kama chapati.

"Nani kaikunja hivyo?"

"Mzee. Mwezi jana, akirudi nyuma. Anasema ilijiangusha." Waweru alitema mate pembeni. "Najua kwa nini umekuja. Unafikiria ni mimi."

"Ungekuwa na sababu."

"Sababu ninayo. Lakini Jumatano saa tano nilitoka hapa kwenda matanga Nyeri, nimerudi jana jioni. Uliza watu mia mbili. Na nilipoosha hiyo gari Jumatano asubuhi, tairi ya mbele haikuwa na kofia. Nilidhani imeibiwa, nikamwambia mama. Akaniambia iko kwa buti, fundi ameiweka."

"Ufunguo wa buti hukaa wapi?"

"Kwa suruali ya mzee. Na usiku chini ya mto wake. Hata Yvonne, binti yake, hapewi."

Ndani, Mzee Kimanzi alikuwa amekaa kwenye kochi, mkono wake umefungwa bendeji, tai iko mahali pake. Binti yake Yvonne, mwalimu anayeishi mtaa wa Satellite, alikuwa amekuja kumuuguza. Mama Mukai, mke wa mzee, alileta chai na sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na miwili, kitambaa cha chama cha akina mama wa kanisa kichwani, na macho ya mtu ambaye hajalala tangu Alhamisi.

"Umemfunga fundi?" aliuliza mzee.

"Jumatatu anapelekwa kortini."

Mama Mukai alimwaga chai kidogo kwenye sahani. Akaipangusa.

"Niambieni Jumatano," alisema Musili. "Nani alikuwa hapa baada ya saa sita?"

"Mimi na mama yako huyu," alisema mzee. "Nikala, nikalala mpaka saa kumi, kama kawaida. Yvonne akaja saa kumi na moja akapiga kelele zake, akaondoka."

"Kelele gani?"

Yvonne hakusubiri aulizwe mara ya pili. "Nilimwambia ataua mtu. Nilimwambia siku moja nitaichoma hiyo gari. Andika tu, sajini, nilisema."

"Na Alhamisi asubuhi?"

"Alhamisi ilikuwa asubuhi nzuri," alisema mzee, na uso wake ukalainika. "Naenda kwa daktari wa presha. Mukai akanisindikiza mpaka getini. Miaka hamsini ya ndoa, hajawahi kutoka kunisindikiza na gari. Nikamwona kwenye kioo amesimama tu. Nikasema, kumbe mtu akizeeka anapendwa upya."

Musili alimgeukia mama. "Baadaye ukampigia simu mara saba."

"Nilitaka alete chumvi."

"Mara saba, mwaitu?"

Alimwita mama kwa Kikamba bila kukusudia. Mama Mukai alitazama birika. Musili aliomba kunawa mikono, akaelekezwa jikoni. Kwenye rafu kulikuwa na mtungi wa chumvi uliojaa mpaka mdomoni na pakiti nyingine haijafunguliwa. Kando ya jiko kulikuwa na kopo la mafuta yaliyokwisha kukaangia, vipande vyeusi vya kitunguu vimezama chini. Hakulazimika kuinama kunusa.

Alisimama hapo kwa muda, maji yakitiririka bure. Alitamani sana kuwa mjinga. Mtu wa Masii na mtu wa Mwala wangekunywa chai yao, fundi wa Ngara angekwenda kortini, na hakuna mtu nyumbani kwake ambaye angemlaumu. Kisha akamkumbuka Everlyn kwenye benchi, na mke wa Macharia aliyekuja kuchukua kopo la rangi. Akafunga bomba.

Aliporudi alibaki amesimama. "Fundi hakusahau kitu. Nati mbili zilifunguliwa hapa, Jumatano, kati ya saa sita na saa kumi. Zile mbili nyingine aliyefungua akazimwagia mafuta ya vitunguu, akaziacha na kutu yake. Akatoa kofia kwenye buti akaivalisha. Alijua nati zipi zitatoka na zipi hazitatoka. Na alijua kofia iko wapi, na ufunguo wa buti aliupata mzee akiwa usingizini."

"Waweru!" alisema mzee.

"Waweru alikuwa Nyeri."

Yvonne alisimama. "Ni mimi, sajini. Nilikuja mapema, nikaifanya."

"Kofia ulikuwa umeitoa wapi?"

"Ilikuwa... ilikuwa chini, kando ya gari."

"Keti, Yvonne," alisema Mama Mukai. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtu mezani. "Usijifunge kwa jambo usilolijua."

Alifungua fundo kwenye ncha ya leso yake, akaweka nati mbili juu ya meza. Meno ya ndani yalikuwa bado meupe kwa sabuni. Mzee aliinama mbele, akakunja macho.

"Ni nini hizo? Karanga?"

Chumba kizima kilimtazama. Hapo ndipo Yvonne alipoanza kulia.

"Unaona, sajini," alisema mama. "Hivyo ndivyo anavyoona barabara. Jumapili iliyopita, pale kanisani, alirudi nyuma na kulikuwa na mtoto wa shule ya Jumapili. Niliona viatu vyake vidogo chini ya bampa. Nilipiga paa la gari kwa mikono miwili mpaka akasimama. Akaniuliza kwa nini namwaibisha mbele ya pasta." Alikunja leso, akaikunjua. "Nimesema naye. Nimeita pasta. Nimeita kaka zake. Mimi nimechoka. Sikutaka aumie. Nilisikia fundi akisema zile mbili zimeoza. Nikafikiri, zikibaki hizo tu, akivuka mtaro wa geti gurudumu litaanguka hapo hapo, gari likiwa polepole, mbele yangu. Aaibike, basi. Gari life. Nilikanyaga spana kwa mguu, nikazitoa mbili, na zile zenye kutu nikazimwagia mafuta ya jikoni ziachie haraka."

"Na halikuanguka."

"Nilisimama nikingoja. Akavuka mtaro. Akavuka matuta yote, nikiona. Ile kutu niliyoidharau ikashika. Nikakimbia, nikapiga kelele, hasikii. Nikapiga simu. Akiendesha hashiki simu. Hilo moja tu ndilo analofuata katika sheria zote."

"Na Zadock yuko ndani siku ya tatu."

"Kila asubuhi nimevaa, nikasema leo naenda kusema. Naishia getini." Alimtazama Musili moja kwa moja. "Nilitaka kuokoa mtoto wa watu, nikaua baba wa watoto. Hilo ulitoe kinywani mwangu hivyo hivyo, uliandike."

"Ungeniambia, Mukai," alisema Mzee Kimanzi, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Nimekuambia miaka mitatu, Kimanzi."

Mzee alinyoosha mkono wake mzima kuzishika nati. Vidole vilipita pembeni, vikagusa bakuli la sukari, vikabaki hapo. Mama Mukai aliondoka kwenda kuchukua sweta na Biblia. Alipopita jikoni walimsikia akimwonyesha Yvonne dawa ya presha iko wapi, ya asubuhi ipi na ya jioni ipi. Musili alimsubiri mlangoni. Hakumfunga pingu.

Saa kumi na mbili jioni Zadock alitolewa seli. Karani alisoma vitu vyake kutoka daftari: mkanda mmoja, simu moja, kamba za viatu jozi moja, na vyuma vinne ndani ya gazeti. Musili aligeuka. Daftari hilo lilikuwa mezani tangu Alhamisi na hakuwa amelisoma.

Zadock alifungua gazeti. Zilikuwa stadi nne mpya, bado zina grisi ya dukani.

"Nilizipata Alhamisi asubuhi," alisema. "Zilikuwa za Ijumaa." Kisha, bila kuinua macho, "Ni mama?"

"Ulijua?"

"Sikujua. Niliogopa kujua." Everlyn alikuwa amefika akamshika mkono wa ovaroli, lakini Zadock aliendelea kuzitazama zile stadi. "Jumanne mzee alipoenda choo, mama alinishika mkono. Akaniambia, mwanangu, mwambie hii gari imekufa. Mwambie haiwezi pona. Nikamwambia mama, gari ni mzima, ni stadi mbili tu zina kutu. Siwezi danganya juu ya gari ya mtu."

"Kwa nini hukuniambia Ijumaa?"

"Aliniambia kama mama yangu, afande. Ningemtaja aje?" Alipangusa grisi ya stadi moja kwa kidole. "Ni neno moja tu alitaka. Ningesema imekufa, huyo mtu wa miche angekuwa anafunga kazi sasa hivi."

Zadock alizifunga stadi tena kwenye gazeti, akazisukuma juu ya kaunta.

"Hizi ni za mzee," alisema, akaondoka na mkewe, kamba za viatu bado ziko mkononi.

Karani alilowanisha ncha ya kalamu kwa ulimi. "Niandike ni za nani, sajini?"

"Andika za Mzee Kimanzi," alisema Musili, kisha akavuta kiti, akaketi kuandika maneno ya Mama Mukai kama alivyoyasema.